Bariadi inakua, shamba lako lina thamani gani?

Serikali ilipoanzisha Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu. Kabla ya hapo ulikuwa mji wa pamba tu: msimu ukifunguliwa fedha zinaingia, msimu ukiisha maduka yanalala. Makao makuu yalileta watumishi wanaolipwa kila mwezi, nao wanataka nyumba, maziwa na mchicha hata bei ya pamba ikianguka. Lami ikauunganisha mji na Lamadi, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma.

Anayeumia ni mkulima wa pembezoni. Huuza ekari kwa bei ya shamba, mara nyingi kipindi cha njaa, na mnunuzi huikata viwanja. Piga hesabu: ekari ni mita za mraba 4,000 hivi. Ukiacha 1,000 za njia, vinabaki viwanja vitano vya mita 600.

Serikali nayo ikilitwaa eneo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia ihesabu thamani ya ardhi yenyewe, si mazao na miti tu (wengi hawalijui hili). Kabla ya kusaini, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize kama shamba lako limo kwenye mpango wa mji. Kama limo, pimisha kwanza, kisha uza kiwanja kimoja kimoja.