Kwa nini watangazaji wa muziki wa klasiki siku hizi wanatusalimu

Fungua BBC Radio 3 asubuhi hapa Uingereza, utamsikia mtangazaji akisoma ujumbe wa msikilizaji, kisha anaweka Mozart. Sisi tuliokua tukisikiliza vipindi vya salamu hatushangai. Wenyeji wa makamo ndio wanaonung'unika, na manung'uniko yao yana historia.

Miaka ya 1920, chini ya John Reith, mkuu wa kwanza wa BBC, watangazaji wake wa zamu ya jioni walivaa suti za dhifa mbele ya maikrofoni, ingawa msikilizaji hakuwaona. Majina yao hayakutajwa. Aliyesema ni BBC. Adabu hiyo ilirithiwa na idhaa ya BBC iliyoitwa Third Programme, iliyoanza tarehe 29 Septemba 1946 na baadaye ikazaa Radio 3. Mtangazaji alitaja mtunzi, kazi, namba ya opus (namba ya kazi katika orodha ya mtunzi) na wapigaji, akanyamaza. Muziki ukiisha, aliyataja tena yaleyale. Habari zake binafsi alibaki nazo mwenyewe.

Tarehe 7 Septemba 1992 ikaja Classic FM, redio ya kwanza ya kibiashara ya kitaifa nchini Uingereza. Inaishi kwa matangazo, kwa hiyo msikilizaji akihama stesheni ni hasara. Simfoni ndefu mara nyingi ikakatwa, ikapigwa sehemu moja tu. Kutajwa kwa namba ya opus kukapungua, mahali pake ikaingia hali ya moyo: huu wa kutuliza, ule umesikika kwenye filamu.

Radio 3 haitegemei matangazo bali ada ya leseni ya televisheni, lakini ada hiyo inalipwa hata na wasioisikiliza kabisa, na wasikilizaji wakipungua maswali huanza. Mwaka 1995 ilimweka asubuhi Paul Gambaccini, Mmarekani aliyejulikana kwa muziki wa pop. Malalamiko yakamiminika, naye hakudumu. Lakini ucheshi wa watangazaji ulibaki.

Binafsi naupenda, maana mgeni wa muziki huu hajisikii amevamia karamu ya wakubwa. Ila kutaja namba hakukuwa majivuno. Haydn alitunga simfoni zaidi ya 100. Ukiambiwa tu "simfoni ya Haydn", rekodi utaitafuta wapi? Matamasha ya moja kwa moja ya jioni bado yanatangazwa kwa ukamilifu zaidi, na hapo ndipo pa kujifunzia. Mtangazaji wa asubuhi na atusalimu, lakini baada ya salamu ana deni la kutuambia ni simfoni ipi.