Wachambuzi wa akili mnemba ni wengi, mwenye hisa wa Mbeya na Iringa asome nani?

MFANYABIASHARA wa mchele wa Mwanjelwa mjini Mbeya, au wa mahindi wa Iringa, siku hizi anaweza kupata habari za viwanda vya kompyuta vya Marekani mapema kuliko habari zilizomo katika Gazeti la Serikali. Simu yake inamletea, kabla hajanywa chai ya asubuhi, vijarida vya barua pepe na maoni ya wachambuzi kuhusu akili mnemba, yaani mitambo ya kompyuta inayojifunza na kujibu kama binadamu. (Wako wanaoiita akili unde, ubishi huo haujesha.) Habari hizo ni nyingi, sehemu kubwa ni za bure, na baadhi zimeandikwa na watu wanaojua kazi yao. Lakini zile zinazogusa mfuko wa mtu wa Nyanda za Juu Kusini ni chache mno, na mara nyingi hazimo humo kabisa.

Kwamba wachambuzi hao wana nguvu sokoni, hilo halina ubishi. Januari 20, 2025 kampuni ya DeepSeek ya China ilitoa mtambo wake wa R1, ambao ulikaribia uwezo wa ile ya Marekani kwa gharama iliyotajwa kuwa ndogo sana. Siku tano baadaye Jeffrey Emanuel, aliyewahi kufanya kazi ya kuchambua hisa, akatoa makala ndefu kueleza kwa nini hisa za Nvidia, kampuni inayobuni chipu zinazoendesha mitambo hiyo, zilikuwa na bei iliyopita kiasi. Jumatatu ya Januari 27 hisa hizo zikaporomoka kwa asilimia 17. Thamani ya karibu dola bilioni 600 ikayeyuka kwa siku moja, hasara ambayo hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imeipata kwa siku moja kabla ya hapo. Makala ile ilitajwa na wengi miongoni mwa vilivyochochea mauzo hayo.

Aliyeuza kwa woga siku ile alijutia. Julai 2025 Nvidia ilifikisha thamani ya dola trilioni 4, na Oktoba 29 mwaka huohuo ikagonga trilioni 5.

Tarehe hiyo ya mwisho Watanzania wanaikumbuka kwa jambo jingine. Ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu, na intaneti ilizimwa nchini ikaanza kurejea Novemba 3. Mwenye lori la mchele lililokuwa njiani kutoka Mbarali kwenda Dar es Salaam, ambaye huulizia bei kwa WhatsApp, hakuwa na haja ya kujua Nvidia ina thamani gani. Hisa za Nvidia hata hivyo haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Hata hivyo si busara kuvitupa vijarida hivyo vyote. Linalotakiwa ni kuvisoma kama mnunuzi mzoefu anavyomsikiliza dalali: kwanza aulize anakula upande gani. Jack Clark, mwandishi wa kijarida kinachojulikana sana cha Import AI kilichoanza mwaka 2016, ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Anthropic, ambayo yenyewe inauza akili mnemba. Ben Thompson, aliyeanzisha Stratechery mwaka 2013, analipwa na wasomaji wake. Arvind Narayanan na Sayash Kapoor wa Chuo Kikuu cha Princeton walijipatia jina kwa kupinga sifa zinazozidi ukweli, nao mwaka 2024 walikuwa na kitabu cha kuuza. Hakuna kosa katika lolote kati ya hayo, maana kila mmoja anaeleza wazi anachofanya. Ila mnunuzi wa nyanya za Ilula hufunua tabaka la juu la tenga kabla ya kutoa fedha, na msomaji afanye vivyo hivyo.

Kuna pia akili mnemba inayofanya kazi shambani, ambayo wachambuzi wa ng'ambo huitaja kwa nadra. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, ilianza na magonjwa ya mihogo, na ilitumia picha zilizopigwa katika mashamba ya Tanzania. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaitumia kutambua viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Kwa mikoa inayoishi kwa mahindi hiyo ni habari ya soko, kwani anayejua mapema kuwa wadudu wameingia shambani anajua pia jinsi bei ya gunia itakavyokwenda.

Mkasa wa hisa za Vodacom

Mahali ambapo sera ya teknolojia ilimgusa mwekezaji mdogo moja kwa moja ni katika hisa za Vodacom Tanzania. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ndiyo iliyozibana kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zake kwa umma. Mwaka 2017 Vodacom ikauza hisa 560,000,100 kwa Sh. 850/= kila moja na kukusanya Sh. bilioni 476. Wengi walionunua walikuwa wakiingia soko la hisa kwa mara ya kwanza, na hoja yao ilikuwa nyepesi: kila mtu ana simu, kila mtu anatuma pesa, basi faida ipo.

Hoja hiyo haikuwa na kosa kuhusu wateja. Ilisahau Serikali. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipewa mwisho wa Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni hiyo ilipata hasara ya takriban Sh. bilioni 30. Mwaka uliofuata ikapata hasara tena, na safari hii tozo ya miamala ilikuwa imeshaingia. Hisa zikauzwa chini ya Sh. 850/=, na wakati mwingine mwenye shida ya fedha hakupata hata wa kuzinunua. Baada ya tozo kupunguzwa na wateja kurudi, kampuni ilirejea kwenye faida kuanzia mwaka ulioishia Machi 2023. Waliokwishauza kwa hasara hawakuwepo kuila.

Tozo hiyo yenyewe inastahili kuangaliwa kwa tarehe. Ilitajwa katika hotuba ya bajeti iliyosomwa Dodoma Juni 10, 2021, kwamba kila muamala wa kutuma na kutoa fedha ungekatwa kati ya Sh. 10/= na Sh. 10,000/= kulingana na kiasi. Ilianza kukatwa Julai 15. Kwa siku 35 habari hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kusoma, lakini kelele kubwa zilisikika baada ya fedha kuanza kukatwa. Wakala wa M-Pesa aliyekuwa na mtaji wake wote kwenye laini moja alikuwa na mwezi mzima wa kufikiri upya. Septemba mwaka huo tozo ikashushwa kwa asilimia 30, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa.

Sababu moja ya kukosekana kwa mchambuzi wa Kiswahili wa kumweleza wakala huyo mambo kwa lugha ya sokoni ni sera ya teknolojia hiyohiyo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka anayeandika mtandaoni alipe Sh. 100,000/= ya maombi, Sh. milioni moja ya leseni, na Sh. milioni moja nyingine ya mwaka. Jumla Sh. 2,100,000/=, fedha ambazo zingetosha kununua hisa 2,470 za Vodacom kwa bei ya kuanzia na chenji kubaki. Mwalimu au karani wa benki wa Iringa aliyetaka kuandika uchambuzi wa jioni hakuweza kulipa ada hiyo. Ada zilipunguzwa mwaka 2022, lakini waliokuwa wameacha kalamu hawakuichukua wote.

Pengo hilo wamelijaza watu wa aina nyingine. Matangazo yanayodai kwamba akili mnemba itafanya biashara ya fedha za kigeni kwa niaba ya mtu na kumrudishia faida kila siku yanazunguka katika makundi ya WhatsApp, mengi yakiwa na picha za watu maarufu. Wenye umri wanaukumbuka mchezo huu. DECI ilipoanguka mwaka 2009 haikuwa na kompyuta ya maana. Iliwaambia watu wapande mbegu wavune, na viongozi wake wanne walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Kilichobadilika ni jina la mbegu. Anayekusanya fedha za umma kwa ajili ya kuwekeza anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na anayekopesha awe na leseni ya Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Upo pia upande wa sheria ambao wafanyabiashara wengi hawajaugusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Inamhusu anayekusanya majina na namba za wateja, ikiwemo SACCOS ya kijijini, nyumba ya wageni ya Mafinga na mwenye duka la kukopesha pembejeo Uyole. Anatakiwa ajisajili.

Muswada wa Sheria ya Fedha husomwa bungeni Juni, na mambo yake mengi huanza kutekelezwa Julai mosi. Huo pia ndio wakati mahindi mapya yanapomiminika sokoni na wenye maghala wanapokuwa na kazi nyingi kuliko miezi mingine yote.