Joto la Kaskazi na Nyumba Zetu za Timbwani

Mwezi wa Februari ukiingia, huku kwetu Likoni, ng'ambo ya feri, hakuna haja ya kumuuliza mtu habari za hali ya hewa. Pita Timbwani baada ya sala ya Adhuhuri utajionea mwenyewe. Wazee wamehama barazani wamejibanza chini ya mwarobaini, akina mama wametandika mikeka uani penye kivuli, na watoto wachanga wanapepewa kwa vipepeo vya ukili. Ndani ya nyumba hakukaliki. Mchana joto hufika digrii 32 au 33, na usiku hushuka hadi kiasi cha 24 tu. Ukiongeza mvuke wa bahari, jasho halikauki mwilini.

Mimi mwenyewe nilipanga chumba chenye bati tupu juu, bila dari. Siku ya kwanza ya kaskazi nilikimbilia dukani kununua panka. Nililiwasha mchana kutwa na usiku kucha, likawa lanipulizia upepo wa moto kama wa jikoni. Yuniti za stima nilizozoea kutumia mwezi mzima zikaisha kabla ya nusu ya mwezi. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: marehemu bibi yangu hakuwa na panka wala stima, mbona nyumbani kwake tulikuwa tukilala usingizi mnono?

Jawabu laanzia juu ya vichwa vyetu. Mombasa iko kiasi cha digrii 4 tu kusini ya ikweta. Mara mbili kila mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba, jua la mchana hutupitia utosini hasa. Kwa hivyo sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi na jua si ukuta, bali ni paa. Baada ya paa, kuta zinazoumia ni ule wa mashariki asubuhi na ule wa magharibi alasiri. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo. Basi atakaye nyumba baridi na aanze na paa, kisha atazame magharibi.

Wazee wetu hawakusoma hayo chuoni, lakini waliyajua. Nyumba ya udongo ya huku bara iliezekwa kwa makuti yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kati ya kuti na kuti hukaa hewa, na hewa hiyo huzuia joto lisishuke. Paa lilisimama wima ili mvua iteleze, na kwenye visusi paliachwa wazi. Hewa ya moto, ambayo siku zote hupanda juu, ikapata njia ya kutokea. Mlango wa mbele ulitazamana na wa nyuma, katikati ukumbi mrefu, na nyuma kuna ua. Ukifungua milango yote miwili upepo hupita kama maji mferejini. Jiko lilikuwa uani, kwa hivyo moto wa kupikia haukuongeza joto la vyumba vya kulala.

Upepo nao walijua watokako. Tangu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Ifikapo Aprili hugeuka ukawa kusi, utokao upande wa kusini, hata Septemba. Nyumba iliyofunguka pande hizo haikosi upepo mwaka mzima.

Wenye uwezo walijenga kwa mawe. Katika kitabu chake juu ya mji wa Lamu, kilichotoka mwaka 1975, msanifu majengo Usam Ghaidan alieleza kwa michoro jinsi nyumba hizo zilivyopangwa. Kutoka mtaani waingia daka, kisha tekani, ndipo ufike kiwanda kilicho wazi juu, halafu misana na ndani. Kuta za matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu wa kutosha kuvuka mbali. Ukuta mnene huchelewa kupata moto. Chokaa nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Mitaa myembamba huzifanya nyumba zitiliane kivuli. Na kiwanda, pamoja na kuleta hewa na mwanga, kiliwapa akina mama stara ya kukaa nje bila kuonwa na wapita njia. Stara na ubaridi vilijengwa kwa jiwe moja.

Hata hivyo, msomaji, tusiwe watu wa kusifu ya kale tu. Bati halikuja kwa ujinga. Makuti huoza, na kila baada ya miaka michache lazima uezeke upya. Yakishika moto, mtaa mzima huwa hatarini. Minazi imepungua na mikoko haikatwi ovyo tena. Bati, kwa upande wake, hudumu na hukinga maji ya mvua, ambayo Likoni ni mali. Tena wako wengi katika pwani yetu wanaomiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa bado yupo pale hawezi kulaumiwa kwa kukosa kujenga ukuta wa nusu mita au kupanda mwembe. Na viwanja vimebanana. Ua wa zamani sasa umejengwa vyumba viwili vya kupangisha, na njia ya upepo imezibwa.

Swali basi si vipi tutarudi kwenye makuti. Swali ni vipi tutaifundisha nyumba ya bati adabu za nyumba ya makuti.

La kwanza ni dari. Bati lililopigwa na jua hulimwaga joto lake moja kwa moja juu ya walio chini. Weka kitu baina yao, hata ikiwa ni majamvi yaliyotandazwa juu ya fito, na utaona tofauti siku hiyo hiyo. Lakini usizibe kila mahali. Acha matundu chini ya paa pande zote mbili, yenye wavu wa kuzuia popo, ili hewa iliyofungika baina ya bati na dari itoke. Na nyaya za stima zisilale juu ya majamvi, maana huo ndio mwanzo wa moto.

La pili ni rangi. Chukua vipande viwili vya bati, kimoja kikuukuu chenye kutu, kingine kilichopakwa rangi nyeupe. Viache juani hata saa saba, kisha uviguse kwa uangalifu. Hutahitaji mwalimu. Mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat ambako ndiko asili ya wengi wa majirani zetu Wahindi wa Mombasa, ulipatwa na joto kali la kuua watu mwaka 2010. Mwaka 2013 uliweka mpango wa kuwakinga wakazi wake, na mwaka 2017 ukaingiza humo kazi ya kupaka paa za nyumba za maskini rangi nyeupe. Chokaa ambayo babu zetu walipaka ukutani, wao wameipandisha juu ya nyumba.

La tatu ni njia ya upepo. Dirisha moja chumbani ni mdomo usio na pua. Upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Kama huwezi kutoboa dirisha la pili, toboa matundu juu ya mlango wa ndani, karibu na dari. Upande wa magharibi tia kivuli: chandarua, ukuti uliosukwa, au mti. Mwarobaini hukua upesi na hauhitaji maji mengi ukishashika. Upande mbali kidogo na msingi.

La nne ndilo la mfukoni. Panka la kawaida la darini hula kama wati 60. Kwa saa kumi ni yuniti 0.6. Mtambo wa kupoza hewa wa wati 1,200, ukifanya kazi bila kupumzika kwa saa nane tu, hula yuniti 9.6. Panka, kwa hivyo, si adui. Lakini lijue kazi yake: halipozi chumba, hupoza mwili kwa kukausha jasho. Kuliacha likizunguka katika chumba kisicho na mtu ni israfu tupu, na sote twajua israfu ina hukumu gani. Balbu za kizamani za waya nazo hutoa joto kuliko mwanga. Zibadilishe. Friji isibanwe ukutani wala isikae karibu na jiko, maana nayo inahitaji kupumua.

Mwisho, tukumbuke kwamba joto si adha tu. Mzee mwenye maradhi ya moyo, mja mzito na mtoto mchanga waweza kuzidiwa ndani ya chumba cha bati huku sisi twalalamikia jasho. Katika siku kali, jirani mwenye kivuli na amfungulie mlango asiye nacho. Na wenye nyumba za kupangisha wajue kwamba dari ni sehemu ya nyumba kama ulivyo mlango. Haifai kumpangisha mtu tanuri kisha ukamdai kodi ya chumba.

Chumba changu kile kina dari ya majamvi sasa. Panka nalizima baada ya Isha, nafungua dirisha, nashusha chandalua cha mbu, na upepo wa bahari waingia bila kudai shilingi. Waliosema mwacha mila ni mtumwa hawakukosea, ila hawakusema mila lazima iezekwe kwa makuti.