Taa ya Breki ni ya Anayefuata Nyuma

Katanika iko pembezoni mwa mji wa Kalemie, na barabara yake hutumiwa na kila mtu. Lori lenye shehena, gari dogo lililovushwa ziwa kutoka Kigoma, pikipiki iliyopakia abiria wawili, baiskeli ya mzigo na mama anayetoka sokoni na beseni kichwani, wote wanagawana njia moja. Jua huku huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza halikawii. Baada ya hapo, mahali pengi pasipo na taa za barabarani, mwendesha pikipiki hana kingine cha kumjulisha kwamba lori la mbele linapunguza mwendo isipokuwa taa mbili nyekundu zilizo nyuma yake. Siku hizi wenye magari wengi wanashauriwa waondoe balbu za kawaida kwenye taa hizo na kwenye indiketa, waweke za LED. Nauona ushauri huo kuwa mzuri, ila kwa sharti moja: taa za nyuma zipimwe kwa jicho la anayefuata, si kwa jicho la mwenye gari. Sharti hilo likishikwa, hubadili namna ya kuchagua balbu, namna ya kuifunga, na hata jibu la swali kama inafaa kununuliwa leo au baadaye.

Tuanze na faida iliyo kubwa kuliko zote. Balbu ya kawaida hutoa mwanga kwa kuchemsha uzi mwembamba wa tungsteni mpaka ung'ae. Dereva akikanyaga breki, uzi huo unahitaji muda kupata moto, na karibu robo ya sekunde hupita kabla haujafikia mwanga wake kamili. LED haina uzi wa kuchemsha. Umeme ukipita tu, mwanga unatoka papo hapo. Nick Holonyak alitengeneza LED ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho mwaka 1962, akifanya kazi General Electric huko Marekani, na ilichukua miongo kadhaa mwanga huo upate nguvu ya kuonekana barabarani mchana. Mwaka 1993, Michael Sivak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipima muda ambao watu huchukua kuitikia taa za breki za aina mbalimbali. Taa ya LED iliitikiwa mapema kuliko balbu ya kawaida kwa wastani wa sekunde 0.166, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 3.7 katika muda huo mfupi.

Msomaji wa Katanika anaweza kujibu kwamba hesabu hiyo ni ya barabara za lami, wakati huku mashimo yamekwisha kupunguza mwendo wa kila mtu. Ni pingamizi la haki. Lakini tushushe mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, na bado faida inakaribia mita 2, ambao ni urefu wa baiskeli nzima. Tena barabara mbovu haimfanyi dereva afuate kwa mbali. Magari hubanana kwenye upande mmoja uliobaki mzima, lori hukanyaga breki ghafla kwa ajili ya shimo ambalo wa nyuma hajaliona, na pikipiki iliyo juu ya changarawe huchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko iliyo juu ya lami kavu. Panapokosekana nafasi ya kusimama, mita 2 ndizo zinazomtenga mtu aliyeshtuka na mtu aliyevunjika mguu.

Pingamizi la pili ni kwamba sehemu ya sekunde iliyopimwa chuoni si lazima ipunguze ajali barabarani. Hapa tunao mfano wa kupima matarajio yetu. Kuanzia matoleo ya mwaka 1986, magari madogo mapya ya Marekani yalilazimishwa kuwa na taa ya tatu ya breki, ile iliyo juu katikati ya kioo cha nyuma. Miaka ya mwanzo ilionyesha mafanikio makubwa, kisha madereva wakaizoea. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilipofanya tathmini iliyotolewa mwaka 1998, ilikuta kwamba faida iliyodumu ni kupungua kwa asilimia 4.3 ya ajali za kugongwa nyuma. Taa ya tatu na balbu ya LED ni vitu tofauti, lakini somo ni moja: kuboresha ujumbe wa breki kunaokoa watu, ingawa si wengi kama tangazo linavyoahidi. Anayekuambia kwamba ukifunga LED hutagongwa tena anakudanganya. Anayekuambia kwamba haileti tofauti yoyote naye hajatazama ushahidi.

Kwa Kalemie kuna faida nyingine ambayo huenda ikazidi ile ya sekunde. Barabara ya taifa nambari 5, inayounganisha Lubumbashi, Kalemie na Uvira, haina huruma kwa uzi wa tungsteni. Mtikisiko wa saa nyingi huukata, hasa ukiwa wa moto, na dereva hajui kwa sababu hawezi kuona taa zake za nyuma akiwa ameketi kwenye usukani. Taa iliyokatika haitoi ujumbe wowote. LED haina uzi wa kukatika, na ikiwa imetengenezwa vizuri huvumilia mtikisiko huo kwa muda mrefu zaidi. Pia hula umeme kidogo. Balbu ya kawaida ya breki hutumia wati 21, kwa hiyo mbili zinavuta takriban ampea 3.5 kwenye betri ya volti 12, wakati LED mbili zinazolingana nazo kwa kawaida hazifiki wati 10 zikijumlishwa. Kwa gari ni jambo dogo. Kwa pikipiki, ambayo mtambo wake wa kuchaji ni mdogo na ambayo taa zake hufifia injini ikipunguza mwendo, ni jambo kubwa.

Hata hivyo, faida zote hizo zinapotea kirahisi mtu akinunua kwa kutazama ukali wa mwanga peke yake. Kosa la kwanza ni rangi. LED nyeupe nyingi ni LED za buluu zilizopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano, na wekundu uliomo ni mchache. Ukiiweka nyuma ya kava jekundu, kava linazuia sehemu kubwa ya mwanga na kupitisha kidogo kilichobaki, mara nyingi kikiwa hafifu au cha waridi. Balbu ya kawaida haina shida hiyo kwa kuwa mwanga wake una wekundu mwingi. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: nyuma ya kava jekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kava la rangi ya chungwa weka LED ya rangi ya chungwa, na indiketa yenye kava jeupe nayo ipate LED ya rangi ya chungwa.

Kosa la pili ni umbo. Sahani inayong'aa ndani ya taa ilichongwa ili ipokee mwanga kutoka mahali pamoja, pale ulipo uzi wa balbu, na kuusambaza nyuma na pembeni. LED ambayo vipande vyake vyote vinaelekea mbele hutoa doa kali katikati na kuacha pembe gizani, na huko pembeni ndiko iliko pikipiki inayotaka kupita. Kosa la tatu ni kuchanganya taa ndogo ya usiku na taa ya breki, ambazo katika magari mengi hukaa kwenye balbu moja. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinataka taa ndogo ya nyuma iwe na angalau kandela 4 na ya breki angalau kandela 60, ili mtu asisite hata kidogo kuzitofautisha. LED duni hung'aa karibu sawasawa kwa kazi zote mbili. Gari la namna hiyo linaonekana kutoka mbali kweli, lakini anayelifuata hajui lini limeshika breki, na kwa hiyo ni la hatari kuliko lilivyokuwa na balbu zake za zamani.

Indiketa zina tabu yake. Magari mengi hutumia flasha inayojua kwamba balbu imeungua kwa kuhisi umeme umepungua, kisha humwonya dereva kwa kupepesa haraka. LED inavuta umeme kidogo, basi flasha inadhani balbu imekufa na kupepesa kupita kiasi, wakati mwendo unaokubalika ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Mafundi wengi hutatua hilo kwa kufunga resista ya omu 6 ili kuidanganya flasha. Inafanya kazi, lakini kwa volti 12 resista hiyo hugeuza wati 24 kuwa joto kila inapowaka. Ikifungwa kwenye plastiki au kuachwa iguse waya, inayeyusha kile kilicho karibu. Inafuta pia akiba yote ya umeme. Dawa bora ni kubadilisha flasha yenyewe na kuweka ya kielektroniki inayokubali LED. Pale ambapo gari halina flasha ya kuchomoa kwa sababu kazi hiyo inafanywa na kompyuta, resista ifungwe kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na kapeti na waya. Na mwenye lori akumbuke kwamba umeme wa malori mengi ni wa volti 24. LED ya volti 12 itaungua humo mara moja.

Indiketa zinastahili uangalifu huu kwa sababu ya hali yetu. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani kupitia Dar es Salaam yana usukani upande wa kulia pia. Dereva wake akiwa nyuma ya lori hawezi kuona kinachokuja mpaka atoe sehemu kubwa ya gari nje. Anategemea indiketa ya lori kujua kama linakata kushoto. Lakini kuna madereva wanaowasha indiketa hiyo hiyo kumwambia wa nyuma apite au asubiri, na maana yake hutofautiana kati ya dereva na dereva. Balbu mpya haitaondoa utata huo; itafanya tu ujumbe wenye utata usomeke kwa haraka zaidi. Indiketa ibaki na kazi moja, kusema gari linageukia wapi.

Wapo wanaosema kwamba kubadilisha aina ya balbu ni kuvunja sheria. Hoja yao ina msingi. Katika nchi nyingi za Ulaya, taa iliyopimwa na kuidhinishwa ikiwa na balbu ya uzi haihesabiki kuwa na idhini ile ile ikitiwa LED ambayo haikupimwa nayo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, na sheria yetu ya barabarani ya mwaka 1978, vimejengwa juu ya wazo kwamba rangi na mwanga wa taa vina maana moja kwa wote. Najibu kwamba roho ya kanuni hizo ndiyo hiyo hiyo ninayoitetea: ujumbe usipotee wala usibadilike. LED nyekundu isiyoumiza macho, inayoonekana pembeni na kutofautisha breki na taa ndogo, inaihifadhi roho hiyo. Taa za breki zinazopepesa kama za disko, za buluu, au kali kiasi cha kumpofusha aliye nyuma, zinaivunja, na polisi wa barabarani wanapozikamata wanatenda haki.

Linabaki pingamizi la fedha, na hili ndilo linalogusa wengi. LED nzuri ina bei kubwa kuliko balbu ya kawaida, na mwenye pikipiki ana matumizi mengine. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu. Kwanza, safisha kava ndani na nje. Vumbi la kiangazi hukusanyika humo na kufifisha taa yoyote. Pili, tazama waya wa erthi, kwa kuwa ukiwa na kutu, taa ya breki hufifia kila indiketa inapowaka, na LED haiponyi kutu. Tatu, badilisha balbu iliyokufa kwa balbu yoyote ya aina yake iliyo nzima. Hayo yote hayahitaji fedha nyingi, na bila hayo LED ni pambo. Ndipo ununue LED, ukianza na breki, kisha indiketa. Baada ya kufunga, mwombe mtu akanyage breki taa ndogo zikiwa zimewaka, usimame hatua 20 nyuma, kisha usogee pembeni mpaka uwe mshazari na gari. Fanya hivyo mchana jua likipiga, na tena usiku. Kama huoni tofauti mara moja, rudisha balbu ya zamani.

Mtu akiweka redio mpya garini, yeye ndiye anayeisikia. Taa ya breki mwenyewe hataiona akiendesha, na ubaya wake utampata kwanza asiyekuwa na sauti katika uamuzi: mwendesha pikipiki, abiria wake, mtoto aliyebebwa mgongoni. Ndiyo maana gari lenye balbu za kawaida safi na nzima ni bora kuliko lenye LED mbovu, na lenye LED nzuri ni bora kuliko yote mawili. Anayeweza kumudu hatua hiyo ya mwisho aichukue, na asiyeweza achukue zile tatu za mwanzo wiki hii.