Tahadhari kwa Wanaobadili Pedi za Breki Nyumbani

Wenye magari wa Sudi wanakumbushwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huharakisha kutu katika breki. Anayebadili pedi mwenyewe aegeshe gari mahali tambarare, aweke kabari kwenye magurudumu, wala asitegemee jeki pekee, bali stendi imara.

Pedi za magurudumu mawili ya mbele hubadilishwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Vumbi lisipulizwe, kwani pedi za zamani huweza kuwa na asbesto.

Muhimu zaidi: pistoni iliyorudishwa ndani ili kupisha pedi mpya huacha pengo, na mkanyago wa kwanza hausimamishi gari. Kwa hiyo, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, ndipo gari liondolewe. Asiye na hakika amwite fundi.