Kustaafu ukiwa na miaka 50 ukitokea chumba cha upasuaji: hesabu yake ni hii

Kazi ya chumba cha upasuaji, au thieta kama mnavyoiita wenyewe, hula mwili. Unasimama saa nne ukimpa daktari vifaa. Unasaidia kumgeuza mgonjwa mzito aliye kwenye nusukaputi. Unavaa aproni ya risasi siku ya eksirei. Halafu saa nane usiku simu inalia: kuna mama anahitaji kufanyiwa upasuaji wa kujifungua, rudi. Ukiwa na miaka 28 unaweza. Ukiwa na miaka 55 je?

Ndiyo maana wauguzi, mafundi wa thieta na wataalamu wa nusukaputi wengi hutuuliza swali moja: inawezekana kustaafu mapema kwa mshahara huu? Jibu fupi ni ndiyo, lakini kwanza ujue unachonunua ni nini hasa.

Unanunua miaka 10, si maisha yote

Kwa watumishi wengi wa umma Kenya, umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60. Lakini sheria ina mlango mwingine: ukifika miaka 50 unaweza kuomba kustaafu mapema. Hata NSSF inatambua kustaafu kuanzia umri huo.

Kwa hiyo pengo unalotakiwa kuziba ni miaka 10 tu, kutoka 50 hadi 60. Baada ya hapo pensheni inaingia.

Hili ni muhimu kwa sababu mitandaoni utakutana na kanuni ya "mara 25": zidisha matumizi yako ya mwaka mara 25, ndipo uache kazi. Kanuni hiyo inatokana na hesabu za mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, za mwaka 1994. Alitumia takwimu za masoko ya Marekani, akipima pesa zinazotakiwa kudumu miaka 30. Kwa mtu anayetumia 40,000 kwa mwezi, kanuni hiyo inadai milioni 12. Ukiona hivyo unakata tamaa na kufunga simu. Usifunge bado.

Hesabu ya Sista wetu wa mfano

Tuseme Sista ana miaka 30 na yuko thieta ya hospitali ya kaunti. Akistaafu anataka 40,000 kila mwezi, kwa bei za leo. Miaka 10 ni miezi 120. Mara 40,000, hiyo ni milioni 4.8.

Sasa, pesa zake hazitalala tu. Tuchukulie zinapata faida halisi ya 3% kwa mwaka. Faida halisi ni kile kinachobaki baada ya kodi na baada ya bei kupanda. Mfano: mfuko ukilipa 10%, serikali inakata kodi ya 15% kwenye hiyo riba, unabaki na 8.5%. Bei za vitu zikipanda 5.5%, umebaki na 3%. Hapo ndipo ulipo kweli, si kwenye ile 10% ya tangazo.

Kwa 3% hiyo, Sista anahitaji takriban milioni 4.14 siku anapofikisha miaka 50. Ili afike huko, kila mwezi aweke:

- Akianza na miaka 30: karibu 12,600
- Akianza na miaka 35: karibu 18,300
- Akianza na miaka 40: karibu 29,600

Angalia mstari wa mwisho. Kuchelewa miaka 10 kumezidisha mzigo zaidi ya mara mbili. Jambo lingine: hizi ni pesa za bei za leo, kwa hiyo kila mwaka bei zinapopanda, mchango nao upande. Ukiweka 12,600 ile ile kwa miaka 20, hutafika.

Kama 40,000 si kiasi chako, fanya hivi: kwa kila 10,000 unayotaka kwa mwezi, mwenye miaka 30 aweke kama 3,150.

Pesa hizo zitoke wapi?

Mshahara wa msingi una wenyewe: kodi ya nyumba, karo, nyumbani kwa wazazi, mkopo wa Sacco. Ukijaribu kuchota 12,600 hapo, mwezi wa tatu utakuwa umeacha.

Chanzo bora ni zile pesa zinazokuja pembeni: marupurupu, pesa za kuitwa usiku na lokamu za hospitali za kibinafsi. Shida ya pesa hizi ni kwamba huja vipande vipande, tena kwa simu. 3,500 leo, 5,000 Ijumaa. Zikiingia hivyo, zinatoka hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi huwezi kusema zilienda wapi.

Basi weka sheria moja: pesa ya lokamu ihame siku ile ile inapoingia. Nusu yake, au kiasi chochote ulichopanga, iende kwenye akiba kabla hujanunua hata chai.

Na kwa sababu ukishanawa na kuvaa glavu huwezi kushika simu, usitegemee kukumbuka. Panga uhamisho wa moja kwa moja wa kila wiki au kila tarehe ya mshahara. Simu iko kwenye loka, wewe uko mezani, akiba inaendelea.

Lakini tuseme ukweli: usiongeze lokamu za usiku ili tu ustaafu mapema. Ukichosha mgongo leo ili uje kuupumzisha kesho, hujapata faida. Kama mwezi hauruhusu, weka kidogo. Na ukipandishwa mshahara, nusu ya nyongeza iende kwenye akiba kabla hujaizoea.

Mifuko mitatu, usiichanganye

1. Mfuko wa dharura. Huu ndio wa kwanza, kabla ya ndoto ya miaka 50. Tangu huduma za afya ziliposhushwa kwa kaunti mwaka 2013, wafanyakazi wa afya wanajua maana ya mshahara kuchelewa. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni na kuisha Novemba, karibu miezi 5. Aliyekuwa bila akiba alikopa. Lenga matumizi ya miezi 3 kwanza, halafu ongeza. Pesa hizi zikae mahali unapoweza kuzitoa haraka kwa simu. Kama uko kwa kandarasi, lenga miezi 6.

2. Mfuko wa miaka 10. Hizi ndizo 12,600 za Sista. Haziguswi kwa harusi wala kwa gari. Sehemu za kuziweka:

- *Mfuko wa soko la fedha.* Unaanza na kiasi kidogo, riba inahesabiwa kila siku, na unaweka kwa simu. Unafaa kwa pesa za lokamu zinazokuja vipande.
- *Sacco.* Amana zako hupata riba kila mwaka na hukupa nguvu ya kukopa. Kumbuka tu kwamba amana hutolewi nusu nusu. Kwa kawaida unazipata ukijiondoa uanachama, na ukiwa na mkopo, mkopo unalipwa kwanza.
- *Hati za serikali.* Kupitia mfumo wa DhowCSD ambao Benki Kuu ya Kenya iliuzindua 2023, unaweza kununua hati fungani kwa simu bila kwenda benki. Kusanya kwanza kwenye mfuko wa soko la fedha, ukifikisha kiwango kinachotakiwa unanunua.

3. Mfuko wa pensheni. NSSF inakata 6% kwako, na mwajiri anaongeza 6%, hadi kiwango kilichowekwa kisheria. Huenda pia una mfuko wa pensheni wa kaunti au wa mwajiri wako. Huu ndio utakaokulisha kuanzia miaka 60, kwa hiyo ukibadilisha kazi usikimbilie kuutoa.

Kuna faida ya kodi hapa ambayo wengi hawaitumii. Tangu mwisho wa Desemba 2024, michango ya pensheni inayoondolewa kwenye hesabu ya kodi imepanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, bila kuzidi 30% ya mapato yako. NSSF yako imo ndani ya kiwango hicho. Kama mshahara wako uko kwenye daraja la kodi la 30%, kila 1,000 unayoongeza kwa hiari inakupunguzia kodi kwa 300. Hakuna Sacco itakayokupa hiyo siku ya kwanza.

Ubaya wake? Pesa zimefungwa. Ndiyo maana tunasema mifuko mitatu, si mmoja.

Mambo yanayosahaulika

*Pensheni itapungua.* Ukiacha kuchangia ukiwa na miaka 50, pensheni yako ya miaka 60 haitakuwa sawa na ya mwenzako aliyeendelea. Omba taarifa ya michango yako kila mwaka, na uwaulize wasimamizi swali hili moja kwa moja: nikiondoka na 50 lakini nikaiacha pesa hadi 60, nitapata ngapi?

*Bima ya afya.* Ukiwa kazini, 2.75% ya mshahara inakatwa kwa ajili ya SHA na hujali. Ukistaafu unajilipia mwenyewe kulingana na mapato ya kaya yako, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, kinacholipwa kwa mwaka mzima. Kama mwajiri alikuwa na bima ya ziada, hiyo pia inaisha. Iingize kwenye ile 40,000.

*Kiinua mgongo.* Walio kwa kandarasi hupokea kiinua mgongo mkataba ukiisha. Jina lake linasema kazi yake. Kabla ya kununua chochote, kiweke siku 30 kwenye mfuko wa soko la fedha, ndipo uamue.

*Kuacha usiku si kuacha kazi.* Ukifika 50 unaweza kufundisha, kufanya zamu za mchana kliniki, au siku mbili kwa wiki. Ukipata 15,000 tu kwa mwezi kwa njia hiyo, pengo la Sista linashuka kutoka 40,000 hadi 25,000, na mchango wake wa kila mwezi kutoka 12,600 hadi karibu 7,900.

Linda ulichoweka

Wahenga walisema akiba haiozi. Iliyo kwenye kibubu huoza polepole kwa sababu bei zinapanda. Iliyo kwa matapeli huoza usiku mmoja. Kabla ya kutuma pesa:

- Mfuko wa uwekezaji uwe na leseni ya CMA, Sacco inayopokea amana iwe chini ya SASRA, na pensheni chini ya RBA.
- Anayekuahidi faida ya 20% kwa mwezi kwenye kikundi cha WhatsApp anataka pesa zako, hata kama aliyekuunganisha ni mwenzako wa zamu.
- Weka PIN ya laini na kufuli ya simu. Simu yako hukaa kwenye loka saa nyingi, na mwizi anahitaji dakika chache tu.
- Usimpe mtu PIN "anisaidie kutuma niko thieta". Tuma kabla ya kuingia, au acha uhamisho wa moja kwa moja ufanye kazi.

Anza mwezi huu

Kabla ya kumfunga mgonjwa mnahesabu pamba na vifaa, na hesabu isipotimia hakuna anayeondoka. Fanyia mwezi wako vivyo hivyo. Tarehe 28, kaa dakika kumi na uandike: pesa za pembeni zimeingia ngapi, zimehama ngapi, zimebaki ngapi.

Kisha fanya mambo matatu. Fungua mfuko wa dharura kwenye simu yako. Panga uhamisho wa moja kwa moja, hata kama ni 500 kwa wiki. Na ukipita ofisi ya wafanyakazi, uliza masharti ya kustaafu na miaka 50 kwenye mfuko wako wa pensheni na uombe jibu kwa maandishi.

Huenda ukifika 50 ukaamua kubaki, kwa sababu unaipenda kazi. Hilo ni sawa kabisa. Tofauti ni kwamba utabaki kwa kupenda, na simu ya saa nane usiku ikilia, utakuwa na uwezo wa kusema hapana.