Umbo la Dawa Nalo Huokoa Maisha



Wapendwa wanakamati wa parokia na wahisani wetu, katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo husahaulika mara nyingi tunapopanga misaada ya hospitali. Tumezoea kuuliza: je, dawa ipo au haipo? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Yafaa tuulize pia: dawa hiyo imetengenezwa katika umbo gani, na inahitaji nini ili imfikie mgonjwa ikiwa salama? Tutatumia mfano wa ugonjwa mmoja unaoua watu wengi wanaoishi na VVU katika Afrika.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huo ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Fangasi huyu hupatikana katika udongo na katika kinyesi cha ndege. Watu wengi humvuta kwa pumzi bila kudhurika. Lakini kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, hupenya hadi kwenye ubongo. Mgonjwa huanza kwa kuumwa kichwa sana, kisha hutapika, huchanganyikiwa na hata kupoteza fahamu. Asipotibiwa, hufa.

Dawa iliyo na nguvu juu ya fangasi huyu ni amfoterisini B, iliyogunduliwa katika miaka ya 1950. Huua kwa kutoboa utando wa fangasi baada ya kushikamana na mafuta yaliyomo ndani yake. Shida ni kwamba utando wa seli zetu una mafuta yanayofanana na hayo. Kwa hiyo dawa ikiingia mwilini katika umbo lake la zamani, huumiza figo, hupunguza damu na kumfanya mgonjwa atetemeke kwa homa. Tena lazima itolewe kwa dripu kila siku, huku damu ikipimwa mara kwa mara.

Vifuko vya mafuta

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu Mwingereza Alec Bangham, akifanya kazi Babraham karibu na Cambridge, aliona kuwa aina fulani ya mafuta yakitiwa majini hujipanga yenyewe na kuwa vifuko vidogo sana. Vifuko hivyo huitwa liposomu. Mafuta yake ni ya jamii ile ile inayojenga utando wa seli za mwili.

Baadaye wataalamu waliweza kuifunga amfoterisini B ndani ya utando wa vifuko hivyo. Kila kifuko ni kidogo kiasi kwamba mamia yake yangeweza kupangwa katika upana wa unywele mmoja. Dawa iliyofungwa hivyo haizishambulii figo kwa ukali ule wa zamani. Kwa sababu hiyo, daktari anaweza kumpa mgonjwa kipimo kikubwa kwa mara moja.

Kwa nini hukaushwa

Liposomu zikikaa majini kwa muda mrefu hushikana, huvuja, na mafuta yake huharibika. Akina mama wa kando ya maziwa hukausha dagaa ili wasioze. Dawa hii nayo hukaushwa, lakini si kwa jua, maana joto lingeiharibu. Kwanza hugandishwa kuwa barafu. Kisha huwekwa katika chombo kilichoondolewa hewa, na barafu hugeuka mvuke moja kwa moja pasipo kuyeyuka kuwa maji. Sukari iliyochanganywa humo huvilinda vifuko visipasuke wala kushikana. Kinachobaki ni keki kavu ya rangi ya njano ndani ya kichupa. Wauguzi wa zahanati zetu wanaifahamu njia hii, kwa sababu chanjo za surua na za kifua kikuu hutengenezwa hivyo hivyo, kisha huchanganywa na maji yake siku ya kuchanja.

Matunda yake

Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Wagonjwa 407 walipewa dozi moja tu ya dawa ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Wengine 407 walipewa dawa ya umbo la zamani kwa siku 7, pamoja na vidonge. Baada ya wiki 10, waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 24.8, na katika kundi la pili asilimia 28.7. Madhara makali yaliwapata asilimia 50 ya kundi la kwanza na asilimia 62 ya kundi la pili. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo ya dozi moja.

Kichupa peke yake hakitoshi

Kila kichupa kina miligramu 50. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji vichupa 10. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi 116, yaani dola 162.50 kwa mgonjwa huyo, bila kuhesabu usafiri wala vidonge.

Halafu kuna mambo mengine. Vichupa vitunzwe mahali pasipozidi nyuzi joto 25, na visigandishwe. Wakati wa kuchanganya, muuguzi hutumia maji safi ya sindano, hutikisa kwa nguvu, huchuja, kisha huongeza dawa katika dripu ya glukosi ya asilimia 5. Maji ya chumvi hayaruhusiwi, kwani huiharibu dawa. Muuguzi asiyefundishwa anaweza kupoteza kwa dakika moja mchango wa waumini wengi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati, kabla ya kupitisha ombi la dawa kama hii, zijiulize: Je, stoo ni ya baridi ya kutosha wakati wa kiangazi? Je, dripu za glukosi na flusitosini zipo? Je, muuguzi amefundishwa? Je, kuna kipimo cha damu cha kijiti, kinachotoa jibu kwa dakika 10, ili ugonjwa ugunduliwe mapema?

Nanyi wahisani wetu, mnapoona katika bajeti zetu feni ya stoo, katoni za dripu au semina ya wauguzi, msidhani ni matumizi ya pembeni. Ni sehemu ya dawa yenyewe.